Tableti bapa, skrini ya kuchorea au laptopu ya kugeuza: kalamu yako iguse nini?

Mchoraji aliyeamua kutumia programu huria hakwami sana kwenye programu zenyewe. Krita ni ya kuchora na kupaka rangi, GIMP ya kurekebisha picha, Inkscape ya vekta, yaani michoro isiyopoteza ubora ikikuzwa, Blender ya 3D na uhuishaji. Zote ni za bure, zote hukaa kwenye mashine moja bila kugombana, na ukikosea kuchagua unafuta moja na kuweka nyingine kabla chai haijapoa. Pagumu ni pale mkono unapokutana na kompyuta, kwa sababu kifaa hakifutiki. Na kwa anayetumia Linux kuna swali la ziada ambalo boksi la dukani halilijibu: mfumo utakitambua?

Njia zilizozoeleka ni tatu. Ya kwanza ni tableti bapa isiyo na skrini: mkono unachora mezani, macho yako kwenye monita. Ya pili ni skrini ya kuchorea, yaani monita inayoguswa kwa kalamu na kuunganishwa na kompyuta kwa nyaya. Ya tatu ni laptopu ya kugeuza, ile ambayo skrini yake hukunjwa nyuma ikawa ubao.

Vigezo

Zote tatu tutazipima kwa mambo matano: draiva (programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa), yaani kifaa kitafanya kazi kwa jasho kiasi gani, mkono na mstari, rangi, mwili na meza, na yale yanayoharibika. Mwisho wa kila moja tutasema inamfaa nani.

Kigezo kimoja tumekiacha makusudi, nacho ndicho kinachoandikwa kwa herufi kubwa kuliko vyote kwenye matangazo: idadi ya ngazi za mgandamizo, 4096, 8192 au 16384. Chukua brashi yenye upana wa pikseli 40. Kwa ngazi 8192, kila ngazi hubadilisha upana kwa pikseli 0.005 hivi, kiasi ambacho jicho halikioni. Ukiufunga mgandamizo kwenye uwazi wa rangi, picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kupokea. Tofauti inayosikika mkononi ni nguvu ya mwanzo: kalamu inahitaji kugandamizwa kiasi gani kabla mstari haujatokea? Kalamu nzuri huitika kwa uzito wa gramu chache. Kalamu dhaifu hukaa kimya, kisha hutema mstari mnene ghafla. Namba hiyo haiandikwi kwenye boksi, na njia ya kuijua ni kujaribu: piga mistari myepesi kama ya nywele, kumi kumi, na uone mingapi imekatika mwanzoni.

Kwanza mashine, maana tatizo la kalamu mara nyingi ni tatizo la RAM

Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, yaani milioni 8.7. Katika picha ya biti 8 kila pikseli hula baiti 4: nyekundu, kijani, buluu na uwazi. Leya moja iliyojaa, yaani tabaka moja la mchoro, ni megabaiti 35 hivi. Leya 30 zilizojaa ni gigabaiti moja na ushei, na ukihamia biti 16 zinakuwa mbili. A3 huzidisha yote hayo mara mbili. Krita huigawa leya katika vigae vidogo na haihifadhi vilivyo vitupu, kwa hiyo leya ya mistari mitupu haifiki huko. Lakini kumbukumbu ya hatua za kurudi nyuma nayo inataka nafasi yake.

Usipogusa mpangilio wowote, Krita hujiwekea kikomo cha nusu ya RAM. Kikipitwa, data humwagwa kwenye diski, na hapo brashi huanza kukokota. Wengi huilaumu tableti wakati huo. RAM ya GB 8 inatosha A4 ya biti 8 yenye leya za kiasi. GB 16 ndiyo ya kufanyia A3 bila kuhesabu leya kwa hofu. Diski iwe SSD, maana huko ndiko data humwagwa.

Kadi ya picha haina uzito ambao watu huipa. Krita huitumia kuonyesha turubai, yaani kuikuza, kuizungusha na kuisogeza. Kupiga brashi ni kazi ya prosesa. Brashi ya pikseli 1000 haiwi nyepesi kwa sababu ya kadi kubwa. Blender ni habari nyingine: injini yake ya Cycles hupata faida kubwa kwenye kadi. Picha za Intel na AMD zilizo ndani ya prosesa hufanya kazi mara tu Linux inapowekwa. NVIDIA huhitaji draiva yake, na kama Secure Boot, ulinzi unaokagua saini wakati kompyuta inawaka, imewashwa na moduli ya draiva haijasainiwa, draiva hiyo haitapakiwa na unaweza kubaki ukitazama skrini nyeusi au yenye azimio la chini.

Jambo jingine dogo: faili la AppImage la Krita, yaani programu nzima ndani ya faili moja, linahitaji kuruhusiwa kwanza kwa amri ya `chmod +x` kwenye terminali. Kwenye Ubuntu kuanzia 22.04 linaweza kugoma kufunguka mpaka uweke libfuse2. Watu wameifuta Linux nzima kwa kosa hilo.

Tableti bapa

*Draiva.* Tableti za Wacom zina moduli ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, iitwayo `wacom`, na hazina ya maelezo iitwayo libwacom huuambia mfumo kila modeli ina vitufe vingapi na eneo gani. Unachomeka, unachora. Tableti za Huion, XP-Pen na Gaomon zina njia tatu: moduli ya `hid_uclogic` iliyo ndani ya kerneli, iliyotokana na mradi wa DIGImend, OpenTabletDriver, draiva huria inayokaa nje ya kerneli, au draiva ya kiwanda, ambayo si huria.

Chagua moja. Mbili zikikaa pamoja zinagombania kifaa, na dalili zake ni kishale kinachorukaruka, mgandamizo unaokuja na kupotea, au kalamu inayofanya kazi kama panya. OpenTabletDriver huja na faili la kuzuia moduli za kerneli, na ukiiondoa angalia ndani ya `/etc/modprobe.d` kama faili hilo halikubaki, la sivyo hata Wacom yako itakaa bubu. Na ukiitumia, chagua hali ya wasanii, Artist Mode, kwenye orodha ya njia za kutoa. Hali ya kawaida husogeza kishale tu, haipeleki mgandamizo.

Kabla ya kununua kifaa kilichokwisha tumika, kichomeke na uandike `lsusb`. Namba ya kwanza ni ya kampuni: 056a ni Wacom, 256c ni Huion, 28bd ni XP-Pen. Namba inayofuata ni ya modeli. Itafute kwenye orodha ya vifaa vinavyotambuliwa na OpenTabletDriver au na libwacom. Jina lililochapwa kwenye plastiki halitoshi, maana jina moja huweza kuuzwa likiwa na vitu tofauti ndani. Kerneli nayo ina umri: tableti mpya juu ya toleo la zamani la Debian inaweza kutojulikana kabisa, na `uname -r` itakuonyesha uko wapi.

*Mkono na mstari.* Wiki mbili za kwanza ni za tabu. Jicho liko juu, mkono uko chini, na duara linatoka kama yai. Mara nyingi yai hilo si kosa la mkono. Tableti nyingi zina umbo la 16:10 na monita nyingi ni 16:9. Wacom Intuos ya kati ina eneo la milimita 216 kwa 135. Ukilitandaza lote juu ya monita ya 16:9, kila duara hupanuka kwa asilimia 11 kwenda pembeni. Dawa ni kutumia kimo cha milimita 121.5 tu. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa Linux wa kuonyesha madirisha, andika `xsetwacom get` pamoja na jina la kalamu na neno `Area`. Ikirudisha `0 0 21600 13500`, weka `0 0 21600 12150` na umbo limerudi. Monita mbili hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu tableti hujitandaza juu ya zote mbili. Ifunge kwenye moja kwa `MapToOutput` na jina la monita hiyo kama linavyoonekana kwenye `xrandr`.

Kwenye Wayland, mrithi wa X11, `xsetwacom` haifanyi kazi. Mipangilio hiyo hufanywa kwenye ukurasa wa tableti ndani ya mazingira yako ya mezani, GNOME au KDE Plasma. Krita 5 yenyewe hupita kwenye XWayland, daraja la programu za X11 ndani ya Wayland; kwa kawaida hutaona tofauti, isipokuwa ukikuza maandishi kwa asilimia isiyo kamili, mfano 125, ambapo inaweza kuonekana na ukungu. Kama una ugomvi usioeleweka, ingia kwa kikao cha X11, kama mfumo wako bado unacho, na ujaribu tena kabla ya kulaumu kifaa.

Faida yake ni kwamba mkono hauzibi picha. Anayechora kichwa kwenye kona ya chini kulia anaona kichwa chote.

*Rangi.* Hapa tableti bapa haina la kusema. Rangi ni ya monita, na monita unaichagua mwenyewe. Ukiwa na kipimarangi, hata ColorHug ambacho ni kifaa huria, ArgyllCMS na DisplayCAL zitakutengenezea profaili, yaani faili linaloeleza rangi za monita yako, kisha unaielekeza Krita kwenye profaili hiyo katika sehemu yake ya usimamizi wa rangi.

*Mwili na meza.* Shingo inakaa wima. Ukubwa wa tableti uendane na namna unavyochora: anayechora kwa kifundo cha mkono anatosheka na eneo la milimita 152 kwa 95, ila anayechora kwa bega zima atagonga ukingo kila baada ya mstari. Tableti kubwa mno juu ya monita ndogo nayo inachosha, kwa kuwa mkono unatembea mbali ili kishale kisogee kidogo.

*Yanayoharibika.* Ncha za kalamu huliwa na uso wenye chembechembe. Ncha ikipata ukingo mkali upande mmoja, ibadilishe kabla haijakwangua uso. Tundu la USB ndilo hufa kwanza kwenye tableti za bei ya chini, kwa sababu waya unavutwa huku na huko. Pendelea zenye waya unaochomoka kuliko zilizounganishwa moja kwa moja. Zaidi ya hapo hakuna cha kuvunjika, na si ajabu tableti ya aina hii kuzika kompyuta mbili ikiwa bado hai.

*Inamfaa* anayeanza, anayekaa saa nyingi, anayefanya kazi ya Blender na GIMP kwa wingi, na mwenye monita nzuri tayari. Haimfai anayetoka kwenye karatasi na hana subira ya wiki mbili.

Skrini ya kuchorea

*Draiva.* Kila lililosemwa juu linabaki, na juu yake kuna nyaya. Skrini ya kuchorea ni vifaa viwili ndani ya ganda moja: monita, inayotaka picha, na tableti, inayotaka USB. HDMI hubeba picha bila kubeba kalamu. Picha ikionekana na kalamu ikawa imekufa, waya wa USB haujachomekwa au ni waya wa kuchajia usiopitisha data. Zile zinazotumia waya mmoja wa USB-C huhitaji tundu lenye uwezo wa kutoa picha, DisplayPort Alt Mode, na si kila tundu la USB-C linao. Kalamu ikifanya kazi na skrini ikabaki nyeusi, shuku tundu. Angalia maelezo ya kompyuta yako kabla ya kulipa, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kosa la pili ni kalamu kugusa skrini hii huku kishale kikitembea kwenye ile nyingine. Ni jambo la kuoanisha tu: `MapToOutput` kwenye X11, au kuchagua skrini kwenye mipangilio ya GNOME au Plasma. Likijirudia kila unapowasha, jina la skrini hubadilika kulingana na tundu, kwa hiyo chomeka daima tundu lile lile.

Baada ya hapo ndipo usahihishe ulengaji wa kalamu. Kaa kama unavyokaa ukichora, siyo umesimama, kisha gusa misalaba ya pembeni. Kati ya kioo na paneli kuna unene, na ukisogeza kichwa mstari huonekana kuhama kutoka kwenye ncha. Usahihishaji hauliondoi pengo hilo, unalipima kutoka mahali kichwa chako kilipokuwa. Skrini ambazo kioo chake kimegandishwa na paneli zina pengo dogo zaidi, na hilo lina thamani kuliko ngazi zozote za mgandamizo.

*Mkono na mstari.* Hapa ndipo skrini hujilipa. Mistari mirefu ya wino, herufi za mkono na kufuata mchoro wa penseli uliopigwa skani vinakuja siku hiyo hiyo. Ila mkono unaziba sehemu ya picha, na kuna wachoraji ambao wamerudi kwenye tableti bapa kwa hilo tu.

Msongamano wa pikseli nao una lake. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye inchi 13.3 ina pikseli 166 kwa inchi, inchi 15.6 ina 141, inchi 21.5 ina 102. Inchi 24 ina 92. Ukiwa umeinamia skrini kwa umbali wa sentimita 40, hizo mbili za mwisho zinakuonyesha pikseli mojamoja. Upande wa pili, kwenye inchi 13.3 paneli za Krita zinakula theluthi ya turubai. Zoea kitufe cha Tab kinachoficha kila kitu, na gurudumu la brashi linalofunguka kwa kubofya kulia juu ya turubai.

*Rangi.* Tarajia ugomvi wa skrini mbili. Picha iliyo tulivu kwenye skrini ya kuchorea inakuwa baridi ukiisogeza kwenye monita. Kila skrini inataka profaili yake, na moja lazima iwe ndiyo ya kuamulia. Protekta yenye uso wa karatasi hutia chembechembe za mng'ao zinazofanya rangi nyeupe ionekane chafu. Vizuri kwa mstari, vibaya kwa rangi.

*Mwili na meza.* Kibodi iende wapi? Swali hili huulizwa baada ya kununua. Skrini imekaa mbele, kibodi imesukumwa pembeni, na vitufe vya mkato ndivyo nusu ya kasi ya Krita. Wengine huweka kibodi ndogo ya namba kushoto na kuipa kazi za kurudi nyuma, kubadili ukubwa wa brashi na kuzungusha turubai. Skrini inayolala bapa huvuta shingo chini. Iinue kwa stendi imara, maana inayotikisika inaharibu mstari kuliko kalamu mbovu. Skrini pia hupata joto upande mmoja, na kiganja hutoa jasho na kukwama. Glavu ya vidole viwili hutatua hilo.

*Yanayoharibika.* Tundu la waya wa tatu-kwa-mmoja (picha, USB na umeme pamoja), mikwaruzo ya kioo, taa za nyuma kufifia kwa miaka. Ukichafua kioo usimwagie kimiminika moja kwa moja, lowesha kitambaa.

*Inamfaa* mchora katuni na vitabu vya picha, mwandika herufi, na mtu wa karatasi ambaye mkono wake umezoea kuona unachofanya. Anayehama meza kila siku atachoshwa na nyaya.

Laptopu ya kugeuza

*Draiva.* Swali la kwanza hapa ni itifaki ya kalamu. Zipo zinazotumia EMR, ambayo kalamu yake haina betri; zipo za Wacom AES; zipo za itifaki ya Microsoft, MPP. Kalamu ya moja kwa kawaida haifanyi kazi kwenye nyingine, hata zikifanana kama mapacha. Mashine zenye kihisi cha Wacom hupitia moduli ile ile ya kerneli na kwa kawaida hazina makuu. Vifaa vya Surface ni habari tofauti: modeli nyingi zinahitaji kerneli ya mradi wa linux-surface ndipo mguso na kalamu viamke, na kila sasisho la mfumo ni siku ya kuangalia kama bado vipo.

Jaribio lake ni rahisi kuliko yote. Weka Linux kwenye diski ya USB, washa mashine kutoka humo bila kugusa kilichomo ndani, fungua AppImage ya Krita, nenda Settings, Configure Krita, Tablet settings, na ufungue kijaribio cha tableti. Gandamiza taratibu hadi mwisho. Namba za mgandamizo zikipanda bila kuruka, uko salama. Zikikaa sehemu moja, mfumo unaiona kalamu kama kidole. Kisha geuza skrini wima na uguse kona zote nne: kwenye X11 kalamu haifuati mzunguko wa skrini yenyewe, wakati mazingira ya Wayland mara nyingi hulifanya bila kuombwa.

*Mkono na mstari.* Chukua rula, iweke kwa mshazari, na upige mistari kumi polepole sana. Kwenye AES na MPP mistari hiyo mara nyingi hutoka na mawimbi madogo, kwa kuwa nafasi ya kalamu hukadiriwa kati ya nyaya za kihisi cha mguso. Ukipiga haraka hayaonekani. Anayechora kwa mapigo ya kasi hatayajua kamwe. Anayechora majengo kwa rula atayachukia. Kilainishi cha Krita kinayapunguza, lakini kila ngazi ya ulainishaji ni ucheleweshaji, na mstari huanza kuifuata ncha kama mkia.

Kiganja nacho kinagusa kioo. Mfumo wa libinput huzima mguso kalamu inapokaribia, ila kiganja kikitangulia kalamu hubaki doa. Zima kabisa uchoraji kwa kidole ndani ya Krita.

*Rangi.* Paneli ni ile iliyokuja, haibadilishwi. Kioo kinang'aa, na nje utajiona mwenyewe zaidi ya picha. Kwa kazi ya kuchapisha iamini kwa umbo, kisha malizia rangi kwenye monita iliyopimwa.

*Mwili na meza.* Inakaa mapajani, kwenye basi, kitandani. Ukishaikunja, kibodi huzimwa, na vitufe vyote vya mkato vimeondoka nayo. Suluhisho ni kibodi ndogo ya Bluetooth au upau wa vitufe vya skrini, na vyote viwili ni nusu ya raha.

*Yanayoharibika.* Karibu kila kitu, na pamoja. RAM kwenye mashine nyingi za aina hii imechomelewa kwenye ubao, hivyo GB 8 ya leo ni GB 8 ya milele. Bawaba hulegea. Kompyuta nyembamba ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe, na brashi kubwa iliyokuwa nyepesi saa mbili asubuhi inakokota saa sita. Hilo si kosa la Krita. Kioo kikipasuka umepoteza tableti, monita na kompyuta kwa pigo moja.

*Inamfaa* mchoraji wa njiani, mwanafunzi mwenye sehemu moja ya kuweka kila kitu, na anayefanya michoro ya awali ambayo humaliziwa kwingine.

Kwa hali yako

Una kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 na fedha za kitu kimoja tu: nunua tableti bapa ya ukubwa wa kati, na kinachobaki ongezea RAM. Skrini ya kuchorea juu ya mashine inayokokota ni mateso yenye kioo.

Unachora vibonzo kurasa nyingi kwa wino na tayari una mashine nzuri: skrini ya inchi 15.6 au zaidi kidogo, yenye kioo kilichogandishwa. Thibitisha tundu la USB-C kwanza, na panga mahali pa kibodi kabla haijafika.

Unafanya vekta kwenye Inkscape na mabango kwenye GIMP: tableti bapa, hata ndogo, na panya wako usimtupe. Katika kazi hizi mgandamizo hutumika mara chache. Kama bado uko GIMP 2.10 na kalamu inachora bila mgandamizo, ingia Edit, Input Devices, uweke kila kipengele cha kalamu kwenye hali ya Screen, uhifadhi.

Unafanya 3D na uchongaji kwenye Blender: tableti bapa, na pesa za skrini zipeleke kwenye kadi ya picha.

Huna meza ya kudumu: laptopu ya kugeuza, lakini tu baada ya jaribio la diski ya USB na la rula, na yenye RAM ya kutosha tangu siku ya kwanza. Muuzaji akikataa usiwashe mashine kutoka USB, nenda kwa mwingine.

Tayari una tableti ya mguso yenye kalamu na hutaki kununua kitu: jaribu Weylus, programu huria inayoigeuza kuwa tableti ya kompyuta yako kupitia kivinjari. Ucheleweshaji unategemea mtandao wa ndani, kwa hiyo ni ya kuonjea tu.

Maumivu ya shingo au mgongo ni ya muda mrefu: tableti bapa, na monita iinuliwe mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho. Bega likiuma badala ya shingo, huenda tableti ni kubwa kuliko inavyostahili: punguza eneo la tableti kwenye mipangilio kwa theluthi moja, uchore siku tatu, upime tena kabla ya kubadilisha kifaa.